Istilahi za Kuhariri na Kuhakiki Picha za Ndege: Maelezo na Mapendekezo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna picha ya ndege inavyoweza kufanywa bora baada ya kupigwa, kwa uhariri mwangalifu na kwa uhakiki wa wenzi wa kazi, na kupendekeza maneno ya Kiswahili yatakayofaa katika shughuli hizo mbili. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba hili ni jambo dogo lisilostahili kurasa za istilahi. Sivyo. Katika Unguja ya leo picha za ndege si burudani ya wenye nafasi pekee. Watembeza wageni huzitumia kutafutia riziki, walimu huzitumia kufundishia, na wanaoweka kumbukumbu za viumbe vya kisiwa huzitegemea kuwa ushahidi. Na penye ushahidi hapana budi pawe na maneno ya kuupimia.

Mwandishi wa makala haya alipata kuhudhuria kikao kimoja cha wapiga picha katika Mji Mkongwe. Kijana mmoja, mtembeza wageni kutoka shamba, alileta picha ya kweche dume aliyempiga katika mabonde ya mpunga ya Cheju wakati wa masika, pale wakulima walipokuwa wakiamia ndege. Picha ilipoonyeshwa ukutani, mmoja alisema, "Mbaya." Wa pili akasema, "Haina mvuto." Wa tatu akasema, "Rudia." Kijana akamgeukia mzee aliyekuwa akiendesha kikao, akauliza kwa adabu, "Maalim, ila yake nini hasa?" Mzee akafikiri kidogo, akajibu, "Mwanangu, haijakaa tu." Kisha, kwa kumwonea huruma, akaichukua ile picha katika kompyuta, akazidisha weusi, akakoza wekundu, na picha ikapendeza. Watu wakapiga makofi.

Siku ile yalitendeka madhara mawili. La kwanza, kijana aliondoka bila ya kujua picha yake ilikuwa na dosari gani, wala afanye nini atakaporudi Cheju. Kikao kilichofuata hakuja. La pili ni kubwa zaidi: ndege alibadilishwa. Katika Unguja wapo kweche wawili wanaofanana. Kweche wa Zanzibar (Euplectes nigroventris), akiwa katika manyoya yake ya kuzalia, ana kichwa chekundu, tumbo jeusi na mabawa ya rangi ya kahawia. Mwenzake (Euplectes hordeaceus) naye ana kichwa chekundu, lakini mabawa na mkia wake ni vyeusi. Weusi ulipozidishwa, mabawa ya kahawia yalimezwa na giza, na kweche wa kwanza akaelekea kuwa kweche wa pili. Lau picha ile ingepelekwa kwa mtu anayeweka kumbukumbu za ndege wa Cheju, angeandika jina lisilo lake.

Wala si kwamba watu wale walikuwa hawajui kazi. Macho yao yaliona kila kitu. Walichokosa ni maneno. Hoja yetu ndiyo hiyo: mahali ambapo ila hazina majina, mhakiki huishia kusema "nzuri" na "mbaya", mwanafunzi huishia kuona haya, na kusahihisha huchanganyika na kughushi.

2. Maneno tuliyo nayo na misingi tuliyoifuata

Kazi ya kurekebisha picha si ngeni katika Mji Mkongwe. Studio za picha zilikuwapo Unguja tangu karne ya 19; na Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inajulikana na vizazi vingi vya watu wa mji. Katika zama za filamu, fundi wa picha aliingia katika chumba cha giza, akaitia karatasi katika dawa, akaisuuza kwa maji, na mahali palipokuwa na kiwango kidogo cha mwanga akaongeza, na palipozidi akapaziba kwa mkono. Watu wakaiita kazi hiyo *kusafisha picha*. Neno hilo bado limo vinywani mwa watu, ingawa siku hizi hakuna maji wala dawa, bali kompyuta au simu ya mkononi.

Tangu programu ya Photoshop ilipotolewa mwaka 1990, na nyingine nyingi baada yake, kazi ile ya chumba cha giza imekuwa mikononi mwa kila mtu. Lakini maneno yake yameingia pamoja na mashine, na mara nyingi yametafsiriwa neno kwa neno bila ya kuangaliwa kama Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake. Katika kuyapanga mapendekezo yaliyomo humu tumefuata misingi mitatu:

(a) Kwanza tutafute katika vinywa vya mafundi wetu wenyewe: mshonaji, mkulima wa karafuu, seremala, mpishi na mshairi.

(b) Pasipopatikana neno la fundi, tupanue maana ya neno lililopo, mradi upanuzi huo usimtatanishe msikilizaji.

(c) Pasipopatikana hilo pia, tukope na kutohoa, kama tulivyofanya kwa *kamera*, *lenzi*, *pikseli* na *histogramu*.

3. Istilahi za uhariri

Maneno yafuatayo tumeyapanga kwa utaratibu wa kazi yenyewe, tangu picha inapotoka katika kamera hadi inapokuwa tayari kuonyeshwa.

*Faili ghafi.* Hii ni taarifa yote iliyopokewa na kamera kabla ya kupikwa. Neno *ghafi* limekwisha kuzoeleka katika *malighafi*, nasi hatuoni haja ya jingine. Tofauti yake na faili ya JPEG ni kubwa. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi kwa kawaida huhifadhi ngazi 4,096 au 16,384. Kwa hiyo mabawa ya kweche yaliyoonekana meusi katika JPEG huenda yakafufuka na kuwa kahawia katika faili ghafi. Aidha faili ghafi haibadilishwi na uhariri. Maagizo ya mhariri huwekwa kando, na asili husalia kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo sababu mashindano makubwa ya picha za viumbe huwataka washindani walete faili ghafi ili picha zao zithibitishwe.

*Kuchambua.* Mpiga picha wa ndege huweza kurudi nyumbani na mamia ya picha za asubuhi moja. Kazi ya kwanza ni kutenga zinazofaa na zisizofaa. Mkulima wa Unguja na Pemba anapotenga karafuu na vikonyo vyake husema *anachambua karafuu*. Twapendekeza neno hilo hilo. Ni kweli kwamba *uchambuzi* umekuwa na maana nyingine katika fasihi na siasa, lakini *kuchambua picha* baada ya kupiga hakuna atakayekufahamu vingine.

*Kupogoa.* Ni kuondoa kingo za picha ili ndege akae mahali panapomfaa. Wengine husema *kukata*, lakini kukata kunaweza kuwa popote, hata katikati. *Kupogoa* ni kuondoa matawi ya pembeni ili mti ustawi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Neno hili pia linabeba onyo: mti ukipogolewa mno hufa. Picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000 ina pikseli milioni 24. Ikipogolewa nusu ya upana na nusu ya urefu hubaki milioni 6 tu. Mpogoaji aache nafasi upande anaotazama ndege, asimsukume hadi akagusa ukingo kwa mdomo wake.

*Kuungua na kuzama.* Sehemu ya picha iliyopata mwanga mwingi hata ikawa nyeupe tupu, isiyo na unyoya wala mstari, huitwa na wapiga picha *imeungua*. Sehemu iliyokuwa nyeusi tupu twapendekeza iitwe *imezama*. Jambo moja hapa lahitaji kuelezwa vizuri. Kipima-mwanga cha kamera hakijui ndege. Hudhani kwamba kila kinachotazamwa, kikichanganywa, ni cha kijivu cha wastani, yaani kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Yangeyange mweupe akijaza picha nzima, kamera humpunguzia mwanga hata akawa wa kijivu. Lakini yangeyange huyo huyo akiwa mdogo mbele ya mikoko yenye giza, kamera huiangalia mikoko, ikaongeza mwanga, na weupe wa ndege ukaungua. Kilichozama huenda kikaokolewa katika faili ghafi. Kilichoungua kabisa hakirudi. Ndiyo maana anayepiga ndege weupe huangalia histogramu, ambayo ni mchoro unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika, na kuhakikisha kwamba haukujazana ukingoni upande wa weupe.

*Urari wa weupe.* Ni kurekebisha rangi ya mwanga wenyewe ili kilicho cheupe kionekane cheupe. Tumechagua *urari* badala ya *mizani* kwa sababu neno hili limetumika vyema katika hesabu, kama *urari wa malipo*, na pia katika ushairi, kama *urari wa vina na mizani*. Umuhimu wake huonekana zaidi katika msitu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, mwanga hupita katika majani na kumfikia ndege ukiwa na ukijani. Shorobo wa Fischer (Tauraco fischeri) akipigwa humo, hata sehemu zake nyeupe huwa za kijani. Mhariri asiyejua akiondoa ukijani wote, humwondolea ndege ukijani wake mwenyewe, ambao ni wa kweli: manyoya ya shorobo yana rangi ya kijani iitwayo turakoverdini, na wekundu wa mabawa yake, unaodhihiri anaporuka, watokana na rangi iitwayo turasini, yenye madini ya shaba ndani yake. Chozi, kwa upande wake, hung'aa kwa jinsi manyoya yake yanavyouvunja mwanga, na rangi yake hubadilika akigeuza shingo. Kwa hiyo anayerekebisha rangi ya ndege lazima kwanza amjue ndege.

*Kukoza rangi, ukolevu.* Hapa Kiswahili ni tajiri. Rangi *hukoza*, chumvi *hukolea*, chai *hukolea*. Mpishi ajua kwamba chumvi iliyozidi haitoki chunguni. Wekundu wa kweche uliokozwa kupita kiasi hupoteza mistari ya manyoya, na kifua chake kikawa bonge moja la rangi kama kitambaa kilichochovywa.

*Chenga.* Picha iliyopigwa mahali penye giza huwa na vidoadoa. Baadhi ya watafsiri wameviita *kelele*, kwa kufuata lugha ya kigeni. Lakini picha haipigi kelele. Watu wetu, tangu televisheni ilipoingia, wamekuwa wakisema *inaonyesha chenga*, kwa kufananisha na chenga za mchele. Neno lipo, lina sura, na linaeleweka na kila mtu. Hatuoni sababu ya kuliacha.

*Kunoa.* Ni kuzidisha uwazi wa mistari, kama vile ya jicho na ya manyoya. Kisu kikinolewa mno huliwa na jiwe. Picha ikinolewa mno huota ukingo mweupe kumzunguka ndege, na chenga zake zikawa ngumu. Kunoa hakuponyi picha ambayo jicho la ndege halikulengwa. Hilo ni la wakati wa kupiga, si la wakati wa kuhariri.

4. Istilahi za uhakiki

Uhariri ni kazi ya mtu mmoja. Uhakiki ni kazi ya watu wawili au zaidi, na kwa hiyo una adabu zake. Siku hizi tunasikia sana maneno *ukosoaji wa kujenga*. Tulitazame neno *kosoa*. Katika Kiswahili, viambishi vya kutendua hugeuza tendo: *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*, *choma* na *chomoa*. Kwa umbo lake *kosoa* limo katika safu hiyo hiyo: ni kuliondoa kosa, kama mtu achomoavyo mwiba. Matumizi ndiyo yaliyoligeuza likawa kulionyesha kosa na kuliacha palepale. Kwa umbo la neno, basi, ukosoaji usiojenga si ukosoaji, ni lawama. Twapendekeza *uhakiki* libaki kuwa neno pana, la kuipima picha kwa uzuri wake na ubaya wake, na *ukosoaji* liwe sehemu yake ile inayotaja ila pamoja na dawa yake.

Kwa upande wa ila zenyewe, yapo maneno manne yanayotumiwa kama kwamba ni mamoja. Tungependa yapambanuliwe hivi:

(a) *Ila* ni jina la jumla la chochote kinachoipunguzia picha thamani.

(b) *Dosari* ni kitu kilichozidi na kuharibu, kama tawi linalopita mbele ya jicho, au doa jeupe nyuma ya mkia.

(c) *Kasoro* ni kitu kilichopungua, kama vile mkia uliokatwa na ukingo, au jicho lisilo na nukta ya mwanga.

(d) *Kosa* ni tendo la mpiga picha lililosababisha dosari au kasoro, kama kupiga saa sita ya mchana.

Faida ya upambanuzi huu ni kwamba kila neno huita dawa yake. Dosari huondolewa, kasoro hutimizwa, kosa huachwa. Mtu akiambiwa, "Picha ina kasoro, mkia umekatwa," ajua kwamba safari ijayo asogee nyuma. Akiambiwa, "Ina dosari, lile jani," ajua kwamba ahamie hatua mbili upande wa pili. Akiambiwa "Mbaya," hajui aende wapi.

Tukumbuke pia kwamba ukungu wa picha una sababu tatu, na kila moja ina dawa yake. Kama kila kitu kimefifia, mawe na majani pamoja na ndege, kamera *imetikisika*. Dawa ni kuiegemeza. Kama mawe yako wazi na mabawa pekee yamefifia, ndege *amewahi*. Dawa ni kupiga kwa kasi zaidi. Kama majani ya nyuma yako wazi na ndege amefifia, kamera *imelenga kwingine*. Dawa ni kulenga jicho. Mhakiki asemaye "ina ukungu" tu hajasema kitu.

Liko jambo jingine ambalo lugha yetu inalo tayari, nalo ni kauli ya kutendeka. Mhakiki anaposema, "Umetikisa kamera, umeunguza weupe, umekata mkia," amemhukumu mtu mara tatu. Anaposema, "Picha imetikisika, weupe umeungua, mkia umekatika," ila zote zimetajwa wala hapana iliyofichwa, lakini macho ya wote yameelekea kwenye picha. Huku si kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni kumpa mwenye picha nafasi ya kuitazama kazi yake pamoja na wengine, badala ya kusimama upande wa pili akijitetea. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini naye anayeulizwa asimcheke aliyejifunua.

Kwa hiyo twapendekeza uhakiki ufuate hatua tatu, nazo ziitwe *sifa, ila na shauri*. Kwanza itajwe sifa moja ya kweli, si ya kubembeleza: "Umengoja mpaka ndege akageuza kichwa." Pili zitajwe ila kwa majina yake na kwa kauli ya kutendeka. Tatu litolewe shauri linalotendeka. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na jua la mchana husimama karibu na utosi kwa muda mwingi wa mwaka, likaweka kivuli chini ya mdomo na giza machoni mwa ndege. Shauri la "piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni mwako" lina manufaa kuliko sifa kumi.

5. Mpaka baina ya kusahihisha na kughushi

Tumesema kwamba kauli ya kutendeka ni adabu ya uhakiki. Lakini ina mahali pake pa kukomea. Picha hutikisika bila ya mtu kukusudia. Picha *haighushiki* yenyewe. Anayeghushi ameghushi, na hapo lugha lazima imtaje mtendaji.

*Kusahihisha* ni kuirudisha picha karibu na kile alichokiona mpiga picha: kuinua kilichozama, kuweka urari wa weupe, kupogoa, kupunguza chenga, kunoa kwa kiasi. *Kughushi* ni kuifanya picha iseme lisilokuwapo: kumpandikiza ndege wa Jozani juu ya mkoko wa Pete, kuongeza samaki mdomoni mwa mdiria, kubadili rangi inayomtambulisha ndege. Baina ya mawili hayo kuna *kuremba*, kama vile kufuta jani dogo la pembeni. Kuremba si kughushi iwapo mtu anatengeneza picha ya kutundika ukutani na akasema wazi kwamba amefuta. Katika picha ya ushahidi hakufai hata kidogo.

Jambo hili limewaangusha hata wakubwa. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, yanayoendesha mashindano mashuhuri ya picha za viumbe, yaliiondolea ushindi picha ya mnyama mla mchwa iliyopigwa Brazil, baada ya wataalamu kuamua kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa amekaushwa na kujazwa. Ila haikuwa ya rangi wala ya mwanga. Picha ilikuwa nzuri, haikuwa kweli.

Hapa kwetu ushahidi una mifano iliyo karibu zaidi. Kunguru wa India (Corvus splendens), aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa kusudi la kula taka za mji, hutambulikana kwa shingo yake ya kijivu. Vivuli vikizidishwa, kijivu hicho hupotea. Siku hizi hatari imeongezeka kwa sababu programu zenye akili mnemba, zinapoondoa chenga, huweza kuchora manyoya ambayo kamera haikuyapata kamwe. Manyoya hayo yanapendeza, lakini hayakuwahi kuota juu ya ndege yeyote. Twapendekeza kazi ya namna hiyo iitwe *kubunia*, na picha iliyobuniwa sehemu itajwe hivyo katika maelezo yake. Mtu anayetumia neno hilo hatukani, anapambanua tu.

6. Hitimisho

Baada ya miezi kadhaa mwandishi wa makala haya alikutana tena na yule kijana, akamwomba waitazame ile picha ya Cheju katika faili yake ghafi. Walikwenda hatua kwa hatua. Sifa: kweche alikuwa amevimbisha manyoya ya shingo, jambo linalodumu kwa nukta chache. Ila: jicho limezama; wekundu umeungua kidogo; suke la mpunga limepita mbele ya mguu; mwanga ni wa mchana. Shauri: arudi asubuhi, apunguze mwanga kidogo ili kuulinda wekundu, ahamie upande wa kushoto wa tuta. Walipoinua vivuli, mabawa yakatokea kahawia. Kijana akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe picha yangu ilikuwa inasema kweli." Masika yaliyofuata alirudi bondeni kwa hiari yake, na katika kikao akaiweka picha ukutani akaitaja mwenyewe kasoro yake ya kwanza kabla ya kuulizwa.

Istilahi zilizopendekezwa hapa si amri. Nyingine huenda zikakataliwa na wanaozitumia, na hiyo ni haki yao, kwani neno lisilotamkwa na fundi hufia katika daftari. Tunawaomba wapiga picha, walimu, watembeza wageni na wote wanaojua majina ya ndege wa Unguja na Pemba watuletee maoni yao, hasa maneno ambayo tayari wanayatumia kazini nasi hatujayasikia. Yawezekana kwamba mahali fulani, Nungwi au Makunduchi, Wete au Chake Chake, liko neno bora kuliko *kupogoa*. Kama lipo, tuambiwe, nasi tutaliandika.